Mgeni Anayeosha Choo

Alhamisi asubuhi Ernestina aliketi kwenye kochi la sebuleni, amevaa gauni lake la kanisani na kitenge begani, akakunja mikono, akasubiri aletewe chai.

Tulia alitoka chumbani akifunga vifungo vya koti, tumbo limemtangulia, mimba ya miezi saba. Akakuta jiko baridi. Uji hakuna. Vyombo vya jana viko vilevile kwenye sinki, mchuzi umeganda juu yake kama nta, na mtoto Wema, aliyekaribia miaka minne, bado yuko kwenye nguo za kulalia anaangalia katuni. Nje, kwenye maegesho ya magorofa ya New Hope, kule Amerika, watu walikuwa wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari yao. Saa ya kazi ilikuwa inamkimbia.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona umekaa?"

"Wewe ulitaka nifanyeje?" Ernestina alisema. "Mimi si mgeni wenu?"

Tulia alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha uishe aendelee na shughuli zake. Mzaha haukuisha. Akamtazama wifi yake vizuri, akaona hata viatu amevaa, akaenda kumwamsha mumewe.

Neno hilo la mgeni walimpa wao wenyewe. Ernestina alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Laurean, kwa hiyo dada yake kabisa, mjane wa Kamachumu huko Bukoba, mwenye binti mmoja anayeitwa Alice. Mwezi wa tano mwaka ule wa 2001 Laurean alimtumia tiketi, akamwambia njoo upumzike, uione Amerika, urudi mwezi wa kumi na moja. Akamfundisha kwenye simu: ukiulizwa lolote uwanja wa ndege, jibu ni moja tu, wewe ni mgeni. Ernestina akalisema hilo neno kwa Kiingereza cha kukariri, afisa akagonga muhuri, mlango ukafunguka.

Basi neno likabaki. Akija jirani, "Huyu ni mgeni wetu." Wakienda kanisani, "Tuna mgeni." Na mgeni huyo ndiye aliyekuwa anaamka kabla ya wote, anapika uji, anamwosha mtoto, anafua, anapiga pasi mashati ya Laurean, anasugua choo ambacho Laurean alikuwa anakojoa pembeni kama mtu aliyeajiri wa kufuta. Nywele kwenye bomba la bafu alizitoa yeye kwa vidole. Mshahara hakuwa nao, maana nani amewahi kumlipa mgeni? Siku ya mapumziko hakuwa nayo pia, kwa sababu mgeni, kwa hesabu yao, amekwisha pumzika tayari.

Alivumilia kwa ajili ya Alice. Binti alikuwa ameshachumbiwa, send-off imepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Baba yake alikuwa ameshakufa, na Ernestina alijua siku hiyo mtu wa kusimama na kumtoa mwanawe ni yeye. Kila alipokuwa amepiga magoti kwenye vigae vya bafu alikuwa anaiona siku hiyo, na ndiyo iliyomnyanyua.

Sasa Jumanne, siku mbili kabla ya kukaa kwenye kochi, alikuwa anamsuka Wema nywele. Akamuuliza kwa utani: nikienda zangu, utanikumbuka shangazi yako? Mtoto, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila kujibu anajibu Kiingereza, akasema shangazi haendi popote. Akaongeza maneno mengi ya kitoto, ya baba na simu na ndege. Kisha akamnyang'anya kitana akasema "Mine", neno lake la kutwa nzima. Ernestina alikuwa amejifunza Kiingereza hicho cha mtoto: "mine" ni changu, "not mine" si changu. Hayo mengine hayakumwingia vizuri, lakini yalimwingia ya kutosha moyo kushtuka. Akambeba mtoto na kapu la nguo, akateremka chini kwenye chumba cha kufulia.

Huko alikuwepo Kerubo, Mkenya wa ghorofa ya chini, anayefanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee, zamu za jioni. Ernestina akamwomba amsikilize mtoto. Kerubo akachuchumaa, akaongea na Wema Kiingereza kama watu wazima wanaoongea biashara, kisha akainuka.

"Anasema babake aliita watu wa ndege, waka-push date yako hadi March. Baby azaliwe kwanza."

Ernestina alishika mashine ya kufulia iliyokuwa inatetemeka, akatetemeka nayo. "Machi? Mwanangu anatolewa mwezi huu."

"Na hawakukuuliza?"

"Mimi ni mgeni wao."

Kerubo alicheka mpaka soksi alizokuwa anakunja zikamdondoka. "Mgeni? Mama, mgeni gani anaosha choo? Kwetu huyo tunamwita mboch, yaani house help. Tofauti ni moja tu, mboch analipwa end month."

"Usinitukane."

"Sikutusi, mama yangu. Mimi naosha wazee wa watu, nageuza, nafuta, na mwisho wa wiki nalipwa mkononi. Wakinichosha naenda break. Wewe ukichoka unaenda wapi?"

Ernestina alikunja shuka la kitanda cha Laurean na Tulia, pembe kwa pembe, akalilaza kwenye kapu, akalipapasa.

"Haya," akasema. "Kama ni mgeni, acha niwe mgeni."

*

Laurean alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Alikuwa mtu wa ofisi, mtu wa kompyuta, aliyekuja kusoma akabaki, mpole wa sauti. Watu wa namna hiyo hawakupigi wala hawakutukani. Wanakukalia tu juu, na ukilia wanakuuliza kwa upole kwani umekaliwa na nani.

"Dada, kuna nini?"

"Hakuna neno, Ta Laurean. Nimekuja kuwatembelea."

Alimwita Ta, kama Wahaya wanavyomwita mwanamume mwenye mji wake, na Laurean akahisi mswaki umekuwa mkubwa mdomoni. Kwao mgeni haulizwi shida iliyomleta kabla hajapewa kahawa, zile punje kavu za kutafuna, akamwani, zinazotolewa kiganjani mlangoni. Ukimuuliza kabla, umemfukuza. Ernestina alikuja na kopo zima la kahawa hiyo kutoka Kamachumu, kama zawadi ya mji, na siku ile ya mwezi wa tano hakuna aliyemtolea hata punje moja. Walimtolea mtoto aliyejinyea wakamwonyesha nepi zilipo.

"Mgeni hupewa kahawa," akasema.

Laurean akacheka, akaona dada yake hacheki, akaenda jikoni. Akatazama juu ya friji. Akafungua kabati moja, lingine. Akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini lile kopo liko wapi.

"Zile mbegu?" Tulia alikuwa mtu wa Njombe, hakuwa na habari na mambo hayo, na alikuwa na haraka. "Nilitupa zamani. Nilidhani mavi ya mbuzi."

Sebuleni ilisikika vizuri sana.

Laurean akachemsha maji. Akachota kahawa ya unga ya chupa, akakoroga kwenye kikombe kilichoandikwa jina la benki, akaleta kwa mikono miwili. Ernestina akapokea kwa mikono miwili. Akanywa yote polepole huku mtu na mkewe wamesimama mbele yake, mmoja hajamaliza kupiga mswaki, mwingine ameshachelewa, kisha akaweka kikombe chini.

"Asanteni. Sasa niulize nimekuja na jambo gani."

"Sema, dada."

"Tiketi yangu ya kurudi ni ya lini?"

Laurean akamtazama Tulia. Tulia akatazama katuni.

"Nilitaka kukwambia," Laurean akasema. "Tumesogeza kidogo tu. Mtoto atazaliwa Januari, Tulia atakuwa peke yake, nauli hizi nazo..."

"Alice ana baba?"

"Dada..."

"Nimekuuliza."

"Hana."

"Basi siku ile atasimama nani?"

Laurean akaanza kutaja wajomba. Akasema wataleta hema kubwa, wapishi, atalipa yeye vyote, na mtu wa kupiga video, kanda italetwa hapahapa waiangalie wote pamoja wakiwa wamekaa. Aliongea kama anayemgawia mtu mali. Ernestina akamsikiliza mpaka mwisho, akasema asante, kisha akakunja tena mikono, akauliza kama leo wageni watapata kifungua kinywa.

*

Alhamisi hiyo Laurean hakwenda kazini. Ijumaa hakwenda Tulia. Ukweli usemwe, Tulia naye alikuwa hoi: miguu imevimba mpaka viatu vinagoma, bosi wake wa duka la dawa alikuwa ameshamwonya, na vituo vya kulelea watoto bei zake zilikuwa zinameza mshahara mzima na kutafuta mwingine. Lakini mizigo yote hiyo hakuwahi kumwambia Ernestina amsaidie kuibeba. Alimtwisha tu, akamwambia karibu.

Na Ernestina alikaa. Hakununa, hakugomba. Aliletewa chakula akasifu chakula. "Wifi, wali mtamu, ila chumvi imekimbia kidogo." Alishukuru kwa maji, akashukuru kwa taulo. Wema alipojinyea kwa kukataa choo, alimwita mama yake kwa sauti ya adabu: "Wifi, mwanao." Akaushika ustaarabu wote wa ugeni, hakuacha hata mmoja, na nyumba ikaanza kunuka. Nepi ya usiku iliyokunjwa kama mpira ilikaa bafuni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Laurean alipiga magoti kusugua choo kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, akakuta rangi ya njano aliyoipaka mwenyewe pembeni imekauka, akaziba pua. Kilikuwa choo chake mwenyewe, na bado aliziba pua.

Ijumaa mchana Tulia aliteremka kwa Kerubo kumwomba amshikie mtoto, saa za asubuhi tu, mpaka mambo yakae sawa. Kerubo akamkaribisha ndani, akampa kiti, akamtajia bei kwa saa, akasema ni cash kila Friday, na kupika hapiki, na kufua hafui.

"Mbona ghali hivyo, dada? Si tunasaidiana tu?"

"Sisi tunasaidiana?" Kerubo akasema. "Lini ulinisaidia?"

Tulia akalipa. Alirudi juu akiwa mwekundu wa macho, akapita mbele ya kochi bila kugeuza shingo.

*

Jumapili baada ya ibada akaletwa mwenyekiti.

Huyu alikuwa Bwana Tumsifu, mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania, mwenye nyumba kubwa Oakdale, mtu wa bima. Jumuiya hizi mnazijua. Mwenye shida anaambiwa asubiri kikao, na kikao kikifika kinakula kwanza. Aliyewachagua haijulikani ni nani. Watu wanajikuta tu wanapiga makofi, na aliyepigiwa ndiye huyo mpaka afe. Tumsifu alikuwa na koti la sufu, alikuwa na kikohozi cha kutangulia hotuba, na kila msiba aliwahi kabla ya maiti. Septemba ile alikusanya viatu vilivyotumika, vya yatima wa nyumbani, watu wakatoa kwa moyo. Laurean alitoa pea mbili, na buti nyekundu za Wema zilizombana.

Alikuja na wazee wawili wa kamati ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa. Kwa kuwa mgeni alikuwa amekaa, Tulia aliagiza kuku wa kukaanga wa dukani, na kikao kikala kuku hao mpaka mafuta yakawafika viwiko. Hakuna aliyemuuliza mjamzito kama amekula. Mifupa ilibaki mezani imetafunwa ncha, pamoja na tishu walizojifutia.

Kisha Tumsifu akakohoa. Aliongea muda mrefu. Alisema nchi hii ni ngumu, na baada ya yale ya New York imekuwa ngumu zaidi, wageni wote wanatazamwa, kwa hiyo huu si wakati wa kupigiana kelele ndani. Alisema Waafrika hatuna mambo ya kulipana ndugu kwa ndugu kama Wazungu. Akasema neno mgeni lenyewe ndilo lililoleta matata, na yeye kama mwenyekiti analifuta kuanzia leo. Mama Ernestina si mgeni, ni mwenyeji, ni mama wa nyumba hii, na mama wa nyumba hawezi kuiacha nyumba yake mtoto anazaliwa. Kuhusu Alice, jumuiya itapitisha mchango, na yeye mwenyewe ataandika barua ya pongezi yenye muhuri.

Wazee wakatikisa kichwa. Laurean akashusha pumzi, akatikisa na yeye.

"Una la kusema, mama?" Tumsifu akauliza, huku anatafuta kijiti cha meno.

"Nina swali moja, mwenyekiti."

"Uliza bila woga. Hapa ni nyumbani."

"Kwako kuna binti anaitwa Lois. Mwezi wa sita tulipokuja kwenye komunio ya mwanao, ndiye aliyetupa maji, ndiye aliyefuta matapishi. Ukatuambia ni mgeni wenu, yuko karibu kuondoka. Ameshaondoka?"

Kijiti cha meno kikasimama. Mzee mmoja wa kamati akainamisha kichwa akatazama zulia, maana naye kwake kulikuwa na mgeni, mama mkwe wa mdogo wake, aliyekuja kutembea mwaka wa jana na mpaka leo anatembea na mtoto mgongoni. Ikawa wazi kwa kila mtu mle ndani, hata kwa Laurean, kwamba kamati ile haiwezi kumruhusu mgeni mmoja aondoke, maana wengine watasikia.

Tumsifu akapandisha sauti. Akasema hawezi kuvunjiwa heshima mbele ya watu aliowatoa mbali, kuna watu wakila wali wa Amerika miezi mitano wanasahau walikotoka. Uamuzi wa kamati ni huo, mama atabaki mpaka mtoto azaliwe na apate nguvu. Kisha akawaombea wote kwa muda mrefu. Katika sala hiyo alimkumbuka Alice akamwita Anna.

"Amina," Ernestina akasema. Hakuinuka kutoa mifupa.

*

Huruma haikuwa na sehemu katika yaliyofuata, asije mtu akadhani. Ilikuwa hesabu. Kerubo alilipwa Ijumaa, na Jumanne kulikuwa na saa nyingine zinasubiri kulipwa. Laurean akakaa na mkewe jikoni wakaona kwamba mgeni aliyekaa anakula, anatumia maji na umeme, hazalishi, na juu yake unamlipa Mkenya. Mama yake Tulia alikuwa na viza tangu mwaka uliopita. Akapigiwa simu Njombe, akaambiwa aje kutembea, apumzike. Kwenye simu Tulia alikuwa anasema "utapumzika, mama" na mkono mwingine ameshika nepi ya jana akiitafutia mfuko.

Ernestina aliyasikia yote akiwa kwenye kochi. Alipoambiwa tarehe imerudishwa, faini imelipwa, na siku mbili kabla ya send-off atakuwa Bukoba, alifunga macho. Kisha akasema kitu ambacho Tulia hakukitegemea.

"Wifi, mama yako akifika, mpe hata maji kwanza. Kabla hujamwonyesha chochote."

Tulia alimgeuzia mgongo akaanza kuosha vyombo. Aliviosha kwa nguvu mpaka sahani moja ikavunjika.

Siku moja kabla ya safari Bwana Tumsifu alileta mabegi mawili makubwa, yameshafungwa kufuli. Kule Oakdale alikuwa ameshatangaza kwamba kamati imefanikisha safari ya mama kwa wakati wa shughuli. Hakupanda hata ghorofani. Alimpigia Laurean simu ateremke ayabebe. Ni vitu vidogo tu vya wazee, akasema, kuna mtu atavipokea Dar. Msafiri anaruhusiwa mabegi mawili, yakawa ndiyo hayo. Sufuria na viatu na kitambaa cha gauni alivyomnunulia Alice duka la mitumba, vyote kwa visenti alivyopewa siku ya kuzaliwa kwake, vikarudi kabatini. Laurean akasema atavituma akipatikana mtu mwingine anayekwenda. Alimwambia Tumsifu hapana? Hakumwambia. Watu wa namna yake mwenyekiti akiwapa mzigo wanauliza kama kuna mwingine.

Kerubo peke yake ndiye aliyepanda juu kuaga. Alimletea blanketi jipya, zito, la maua mekundu, bado kwenye mfuko wake wa nailoni wenye zipu.

"Ya harusi," akasema. "Beba kwa mkono, mama. Usiwaachie hawa."

*

Uwanja wa ndege ulijaa wanajeshi, bunduki zimening'inia kifuani, vijana wenye chunusi. Tulia alibaki nyumbani na Wema. Tumsifu alikuja na kamera, akampanga Ernestina katikati yake na Laurean, akaomba mtu apige picha, akaiita picha ya kumbukumbu ya jumuiya. Ernestina alikuwa amekumbatia blanketi. Hakutabasamu, na Tumsifu akarudia picha.

Kwenye kaunta kulikuwa na mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alichukua hati ya kusafiria, akagonga kompyuta, kisha akaangalia mabegi yaliyowekwa kwenye mizani akauliza kitu. Siku hizo walimuuliza kila mtu, na waliuliza wakikutazama machoni.

"Anauliza kama mabegi ni yako, umefunga mwenyewe," Laurean akamnong'oneza. "Sema yes."

Ernestina aliyatazama. Mabegi meusi, kufuli za shaba, hajui hata rangi ya kilichomo.

"Not mine," akasema.

Alilisema kama Wema anavyolisema, kifupi, mdomo umekunjwa. Yule mama akavua miwani. Akauliza tena, polepole, anaonyesha kidole.

"Dada, sema yes, utachelewa," Laurean akasema.

Ernestina akagusa begi la kwanza. "Not mine." Akagusa la pili. "Not mine." Akaweka kiganja juu ya blanketi la maua. "Mine."

Kisha, kwa kuwa alimwona yule mama anamtafuta kwa macho mwenye mabegi, akageuka akamwonyesha Bwana Tumsifu kwa kidevu, kwa heshima, kama mtu anavyomtambulisha kiongozi.

Mwanajeshi akaja, akaja na mwingine. Tumsifu akaanza kuongea Kiingereza chake cha mikutano, cha kukohoa kwanza, wakamwambia afungue. Funguo zikamwanguka, akazisaka chini ya miguu ya watu. Begi la kwanza likafunguka na harufu ikatoka nalo, harufu nzito ya soksi za watu wengi. Viatu. Begi zima viatu, vimefungwa mbilimbili kwa kamba, kila pea na kikaratasi chenye bei ya shilingi. Mwanajeshi akavimwaga sakafuni na kuanza kuvichunguza kimoja kimoja, kidole ndani ya kila kiatu, amekunja uso.

Laurean akaziona buti nyekundu za Wema. Na zenyewe zilikuwa na bei.

"Mwenyekiti," akasema, "hivi si vya yatima?"

"Si wakati wake huu," Tumsifu akasema kwa meno yaliyobana. "Okota."

Na Laurean akainama kuokota. Hapo ndipo alipokumbuka, akainua kichwa. Dada yake alikuwa ameshapewa tiketi na hati yake, anaelekea kwenye lango wanakopita wasafiri tu, blanketi kifuani, mkoba begani, hana kingine. Mgeni husindikizwa, hilo alilijua tangu mdogo. Lakini alikuwa amepiga magoti, kiatu cha mtu asiyemjua mkononi, na mwanajeshi amesimama juu yake anasubiri amalize.

"Dada," akaita. "Karibu tena."

Ernestina akasimama, akageuka. Alimtazama ndugu yake pale sakafuni kwa muda, wala uso haukuwa na hasira.

"Asante, Ta Laurean. Na nyinyi karibuni. Kwangu mgeni hukaa."

Akamwonyesha askari wa lango tiketi yake, akapita.